Mgeni Asiyekula

Guta lilikuwa limeshavuka korongo la mchanga, na Bibi Nyanjige bado anapiga kelele kule nyuma. Sechelela alipunguza mwendo, akageuza shingo. Yule kikongwe alikuwa amesimama katikati ya njia, kanga imemteleza begani, anapunga mkono kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

"Mwambie huyo bwana wako wa kwenye kioo! Mwambie Mbuke hajaanguka tangu masika!"

"Masika gani, bibi, na mvua yenyewe hatujaiona?"

"Masika ya kalenda! Nenda huko, usinibishie!"

Sechelela alicheka peke yake, akaliachia guta lake la magurudumu matatu. Lilikuwa halili mafuta, lilikula jua, na jua ndicho kitu pekee ambacho Ugogo wote ulikuwa nacho cha kutosha. Alikuwa amelala kwa Bibi Nyanjige kama alivyozoea kila akipita upande ule, na kama alivyozoea, aliondoka amechelewa kwa sababu ya maneno. Mbuke, binti wa yule kikongwe, mtu mzima sasa, alikuwa na kifafa. Zamani alianguka popote, hata motoni, na mkono wake wa kushoto ulibaki umekunjamana kwa kovu. Tangu alipopata Kadi ya Riziki, alikuwa na dawa. Unagusisha kadi kwenye kibanda cha Idara, ile ya Serikali inayogawa misaada, kijimlango kinafunguka, unachukua unga, maji na dawa zako, unakwenda. Kadi ikizimwa, kijimlango hakifunguki hata ukipigie magoti.

Na kadi ya Mbuke ilitoka kwa kidole gumba cha Sechelela.

Kazi yake ilikuwa kubeba Kioo. Ofisi za wilaya zilikuwa zimefungwa siku nyingi, Idara yenyewe iko mbali huko pwani, na wenye njaa wametapakaa bara. Basi wakawa wanahojiwa kwa mbali. Mbebaji anafika, anakisimamisha Kioo, afisa anaonekana, anauliza, anajibiwa. Lakini afisa alikuwa mdomo tu. Mwenye kuamua alikuwa Mizani, ile akili iliyokaa ndani ya Kioo, isiyo na sura wala sauti. Afisa akiuliza habari za watoto, Mizani inaangalia. Inaangalia kucha, visigino, sufuria, unene wa godoro. Inanusa mafuta ya kupikia. Inasikiliza tumbo la mtu kama daktari. Ikitoa jibu, hakuna rufaa mpaka orodha mpya ifunguliwe, na orodha hufunguliwa Serikali ikikumbuka.

Mbebaji hana ruhusa ya kusema chochote kuhusu hayo. Sikioni alivaa kipuli cha Idara, chenye kusikia na kuona. Kipuli kikimnasa anamfundisha mwombaji neno moja, au anamkonyeza tu, nyumba ile inafungiwa daima. Haadhibiwi mbebaji, inaadhibiwa nyumba. Walioitunga sheria ile walijua wanachokifanya.

Kitu pekee alichoachiwa ni kidole. Kikao kikiisha Kioo humuuliza: kikao ni safi? Akibonyeza ndiyo, mambo yamekwisha. Akibonyeza hapana, maana yake yeye mbebaji amekiharibu. Nyumba ile itahojiwa upya na mtu mwingine, bila kosa. Lakini vikao vyote alivyowahi kuvibeba yeye vinafunguliwa upya, na kila kadi iliyotoka kwa kidole chake inazimwa hadi ikaguliwe. Kuna mbebaji aliwahi kubonyeza hapana kwa ulevi. Watu wa upande wake mpaka leo hawamtaji kwa jina.

*

Safari hii alibeba Kioo kipya. Cha zamani kilikuwa kama sinia. Uso wa afisa ulionekana humo, na watu walikisemesha kama wanavyosemesha simu, huku mtu anachambua mboga zake. Hiki kipya kilimtoa afisa nje. Alisimama chumbani mzima mzima, na miguu yake, na viatu vyake. Kivuli tu ndicho alichokosa. Mafundi walisema waombaji watajisikia huru zaidi. Idara ikawatangazia watu wa Igungulile, kijiji alichokuwa anakwenda, kwa simu: Afisa atasimama ndani ya nyumba yako.

Watu wa Igungulile walilisikia tangazo hilo, wakalichukua kama lilivyo. Mgeni anakuja.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Nyamizi, mke wa Masigati. Sechelela alishaelezwa habari zao. Masigati alichimba udongo wa betri mpaka mgodi ulipokauka na wenye mgodi wakaondoka na mitambo yao. Vumbi waliliacha kwenye mapafu yake. Sasa alipumua kwa chupa ya hewa ya zahanati. Zahanati ilikuwa imeshasema chupa hiyo ndiyo ya mwisho kutolewa bila kadi. Ndani ya nyumba, kwa maelezo ya mjumbe wa kitongoji, palikuwa na mkeka na sufuria.

Alipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Watu walikuwa wamejaa. Mzee Chipanha, jirani wa ukutani, alikuwa amevaa koti la harusi na jasho linamtiririka.

"Mbukwenyi, mama!"

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Karibu. Mgeni wetu yuko humo kwenye boksi? Hajabanwa?"

Watu wakacheka. Sechelela naye akacheka, akainama kuingia mlangoni. Kicheko kikamkauka.

Nyumba ya udongo ilikuwa imejaa kama duka. Makochi yenye vitambaa vya kufuma. Kabati la vioo. Saa ya ukutani, redio kubwa, chupa ya chai yenye maua, seti nzima ya vikombe ambayo haijawahi kunywewa. Kuku wa kukaanga alikuwa ananukia juu ya meza, kando ya ugali na bakuli la mchuzi. Na pale katikati Nyamizi amesimama, amevaa gauni lililompwaya, gauni la mwanamke mnene kuliko yeye, anatabasamu.

Sechelela alielewa papo hapo. Kwao nako ndivyo walivyofanya. Mgeni mzito akiingia kwa mtu asiye na kitu, mtaa mzima unatoa ulichonacho, kinapelekwa kule, na mgeni hajui. Akiuliza, aliyeazimisha ndiye anayekuwa wa kwanza kuapa kwamba mali ni ya mwenye nyumba. Sechelela mwenyewe aliolewa kwenye makochi ya watu.

Alitaka kusema, ondoeni. Kipuli kilikuwa cha baridi sikioni mwake.

"Humu ndani pana joto," alisema taratibu. "Naona tufanyie nje, chini ya anga."

"Nje?" Mzee Chipanha alishtuka. "Mgeni wa Serikali tumkalishe uani kama mnunuzi wa mbuzi? Hapana. Nyie, kaleteni feni ya mwalimu!"

Feni ikaletwa, na betri yake ya jua, ikawekwa kando ya kabati. Sechelela aliiangalia ikizunguka. Akajaribu tena. Alikwepa kochi, akaketi sakafuni.

"Mimi mgongo wangu una kasoro. Viti laini vinaniumiza. Hata mkivitoa, mimi sina neno."

Wanawake wakatazamana, wakanong'onezana. Mmoja akatoka mbio. Akarudi na mwenzake, wamejitwika godoro jipya, bado liko kwenye nailoni.

"Kaa hapa, dada," alisema Nyamizi kwa upole. "Pole na mgongo."

"Asante. Lakini jamani, na huyu kuku... Mimi sina njaa kabisa. Mngempeleka tu kwa watoto huko nje."

Nyamizi akamtazama Mzee Chipanha kwa woga, na mzee akakohoa.

"Ameona kuku ni dharau," alimnong'oneza, kwa sauti ambayo hata feni ilisikia. "Nilikwambia. Chinjeni yule beberu wangu."

Sechelela akaacha kujaribu. Kila neno lake lilikuwa linaongeza mali. Kutoka upande wa pili wa ukuta, kwenye nyumba ya Mzee Chipanha, alisikia kikohozi kirefu kama gunia linaloburuzwa.

"Na baba mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza.

"Yupo," alisema Nyamizi, akiangalia chini.

"Tumemhamishia kwangu," alisema mzee. "Si vizuri mgeni aje akute mtu anakohoa kwenye chakula." Akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

*

Afisa Rugemalira alitokea kati ya kochi na meza, kijana mwembamba mwenye shati jeupe. Watoto mlangoni walipiga yowe wakakimbia, wakarudi. Yeye mwenyewe alionekana ameduwaa. Ndiyo kwanza naye anatumia Kioo kipya, na chumba chote alikiona kama yumo.

"Shikamooni wazee. Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, baba. Karibu. Karibu ukae."

"Asante, nitasimama."

"Hata! Kaa, baba," alidakia Mzee Chipanha. "Hapa ni kwako. Kula kwanza."

"Mzee wangu, mimi niko mbali. Hiki mnachokiona ni mwanga tu. Sili." Akageuka kwa Nyamizi. "Mama, nimeambiwa mna shida. Nieleze."

Nyamizi alifungua mdomo, akamwangalia kuku, akaufunga.

"Atakueleza," alisema mzee, na sauti yake haikuwa na ubishi, ilikuwa ya mtu anayemwelewesha mgeni njia. "Lakini sisi hatumtwishi mgeni shida kabla hajala. Utafikiri tumekuita kwa ajili hiyo."

"Si ndicho nilichoitiwa, mzee?"

"Ndicho. Lakini ndiyo tukuambie mlangoni?"

Watu wakacheka. Afisa akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Alikuwa anasoma kitu huko aliko, kitu ambacho Mizani inamwandikia pembeni. Sechelela aliyajua yale macho. Afisa aliangalia makochi, akaangalia kabati, akaangalia lile gauni linalompwaya mwenye nyumba. Yeye naye alizaliwa na watu.

"Mama," alisema polepole, kama anayevuka kwenye utelezi. "Haya makochi ni mazuri sana. Ni ya hapa ndani? Au... labda kuna mtu kakusaidia?"

Swali lile lilikuwa mlango. Alikuwa ameufungua kadiri alivyoweza. Nyamizi aliona kuna jambo. Uso wake ulibadilika.

Kabla hajasema, Mzee Chipanha alisimama wima na koti lake.

"Ni yake! Mimi ni jirani yake, nashuhudia. Makochi yake, kabati lake, redio yake. Mwanamke mchapakazi huyu. Usione nyumba ya udongo ukadhani ni watu wa ovyo."

"Kweli," waliitikia mlangoni. "Na godoro." "Na feni, baba, ya kwake!"

Yule mwenye feni, mwalimu, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Afisa Rugemalira alifumba macho. Alipoyafumbua, alifanya jambo ambalo Sechelela hakuwahi kuliona kwa afisa yeyote. Aliinama juu ya meza, akashusha vidole vyake vya mwanga kwenye ugali, akamega hewa, akachovya hewa hiyo kwenye mchuzi, akaipeleka mdomoni. Akatafuna. Akameza.

"Mtamu, mama," alisema. "Nimekula. Nimeshiba. Haya, sasa nieleze shida. Haraka."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Mzee Chipanha alikaa chini, akajifuta jasho, akatikisa kichwa kwa furaha. Na Nyamizi, kama mtu aliyefunguliwa kamba, alianza kulia palepale.

"Mume wangu, baba. Mume wangu hapumui. Chupa iliyobaki ndiyo ya mwisho. Usiku nampepea kwa kawa mpaka mkono unakufa. Akikohoa inatoka damu nyeusi. Sina kitu, baba, usione hivi..."

"Yuko wapi? Mleteni nimwone. Mleteni sasa hivi, mbele ya Kioo!"

"Yuko kwangu, hapo tu!" Mzee Chipanha aliruka, koti na yote. "Vijana! Mleteni Masigati! Na kitanda chake!"

Miguu ikatimka. Afisa alikuwa anahesabu kwa midomo kitu fulani huko kwake, anageuka nyuma, anasema na mtu asiyeonekana: "Subiri, bado, mgonjwa analetwa, subiri kidogo."

Lakini Mizani ikishakuwa na hakika haisubiri. Ilikuwa imeona mambo ya kuitosha. Vijana walikuwa wamefika mlangoni na kitanda, wanakiinamisha kipite, kichwa cha Masigati kinaning'inia na mrija puani, pale Afisa Rugemalira alipozimika mdomo wake ukiwa wazi. Palibaki meza, kuku, na feni inazunguka.

*

Kwenye Kioo palikuwa na maandishi, upande wa mbebaji tu. Hastahili. Chini yake: kikao ni safi? Ndiyo. Hapana.

Walimlaza Masigati kwenye kochi la vitambaa vya kufuma. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa sauti ya chekecheke. Hakuwa mzee. Aliomba radhi kwa Sechelela kwa ishara ya mkono, kwa kuwa amechelewa kumsalimia.

"Amekula," Mzee Chipanha alikuwa anamweleza kila anayeingia. "Mmemwona alivyokula? Mtoto kalelewa yule. Tumepita."

"Tumepita, dada?" Nyamizi aliuliza. Bado anafuta machozi, na bado anatabasamu.

Kumjibu, Sechelela alikuwa haruhusiwi. Alishika Kioo mikononi, mgongo kaupa ukuta. Akilini alimwona Mbuke amekaa kizingitini kwao, anasuka ukili kwa mkono ule mzima na ule wa kovu. Aliwaona wengine, nyumba baada ya nyumba, njia nzima aliyoipita na guta lake. Wale wote walikuwa wamehojiwa kwa haki. Wakikaguliwa watapita tena, alijiambia. Idara huwa inasema ukaguzi ni wa siku chache. Lakini alishaifanyia Idara kazi miaka ya kutosha kujua siku chache za Idara zinafananaje.

Akibonyeza ndiyo, hakuna mtu atakayemlaumu. Mali ilikuwepo, mashahidi waliapa. Ataondoka hapa watu wanaimba, na mtu huyu atakufa nyuma yake, akiwa na makochi ya jirani kwenye kumbukumbu ya Serikali. Akibonyeza hapana, anawachukua watu ambao hawapo hapa, hawajui lolote, wamelala wakijua kesho kijimlango kitafunguka, anawaweka juu ya meza hii kando ya kuku.

Nani alimpa yeye haki hiyo? Hakuna. Na haki ya kubonyeza ndiyo, nani alimpa?

Masigati alikohoa. Nyamizi akapiga magoti, akampangusa mdomo kwa pindo la gauni la kuazima, akakumbuka si lake, akahamia kwenye kiganja.

Huyu alikuwa mbele yake. Wengine walikuwa mbali. Baadaye, kila alipoulizwa, hakuwa na sababu nyingine ya kutoa zaidi ya hiyo, na aliitoa bila kuiremba.

Akabonyeza hapana.

Kipuli kikalia kidogo sikioni, kikafa. Sasa aliweza kusema. Alikaa kwenye godoro la nailoni, akawaambia kila kitu, Mizani inaangalia nini, kwa nini aliomba watoke nje, kwa nini alikataa kuku. Alipomaliza, Mzee Chipanha alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani.

"Kwa hiyo tungemkaribisha kwenye mkeka," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mgeni."

"Ndiyo."

Mzee alilipapasa lile koti. "Basi si mgeni huyo," alisema.

*

Kadi zote zilizotoka kwa kidole cha Sechelela zilizimwa jioni ileile. Ukaguzi ulichelewa, Idara ilisema wabebaji ni wachache.

Masigati alifariki kabla ya mahojiano ya pili, mchana, kwenye mkeka wake. Nyamizi alihojiwa baadaye na mbebaji mwingine. Safari hiyo majirani walikuwa wameondoa kila kitu, pamoja na sufuria zake mwenyewe na ubao wa mlango. Alipita. Anapata unga na maji ya mtu mmoja.

Mbuke alianguka mbele ya kibanda cha Idara, kadi iliyozimwa ikiwa mkononi, akapiga kichwa kwenye ngazi ya saruji. Hakuamka. Bibi Nyanjige alirudishiwa kadi ya binti yake mwishoni mwa kiangazi. Alihamia kwa ndugu zake upande wa Singida na haijulikani kama bado yuko hai. Katika nyumba nyingine nyingi zilizozimiwa kadi, watu waliuza walichonacho wakavumilia. Nyumba kadhaa hazikuvumilia.

Afisa Rugemalira alipewa onyo la maandishi kwa kujifanya anakula akiwa kazini. Bado ni afisa. Kioo kipya kinatumika mikoa yote.

Mzee Chipanha alirudishiwa makochi yake na hajamwazima mtu tena, wala hakuna aliyemwomba. Mjini mtoto wa kaka yake alipooa, wageni wa bibi harusi walikalishwa kwenye magunia, na jamaa wa pande zote mbili waliona ni sawa.

Sechelela alifukuzwa kazi na kushtakiwa. Kesi ilifutwa kwa kukosa mashahidi, maana watu wa Igungulile hawakwenda. Sasa anauza ubuyu karibu na stendi ya Manyoni. Akipita mtu wa njia ile ya zamani, Sechelela ndiye humsalimia kwanza, kwa jina na kwa ukoo. Baadhi yao huitikia.